Jicho la Hosking na Samaki wa Nahodha

Kila wiki simu yangu huniletea picha ileile. Tai mlasamaki, kichwa cheupe, kucha mbele, maji yametawanyika kama shanga zilizokatika uzi, na nyuma yake giza tupu. Chini ya picha mpiga picha ameandika neno moja: subira. Wiki inayofuata ni mpiga picha mwingine, ziwa pengine ni lilelile, na kwa jinsi biashara ya pale inavyokwenda, tai naye anaweza kuwa yuleyule. Subira tena. Watu elfu kadhaa wamemwaga vikopa. Hata mimi nabonyeza, sikatai, ni kazi ngumu kumnunia tai. Lakini nimeingiwa na tabia ya kuuliza swali ambalo huharibu raha kidogo: huyu mtu alikuwa ameketi wapi?

Ukiangalia picha za ndege mbuai, yaani tai, kipanga, kozi, bundi, tumbusi, ukoo mzima wa wenye kucha, utaona kwamba swali hilo ndilo lenye hadithi yote. Ndege hawa wanaishi kwa macho. Huwezi kumnyatia tai kama unavyomnyatia mtu anayekudai. Ukitaka jicho lake lijaze fremu una njia tatu: umfunge, ujifiche, au umlipe. Wanaomfunga wapo, tuwaache kwanza. Picha nyingi tunazozishangilia zimetumia kujificha na kulipa kwa pamoja, halafu maelezo chini yake yanataja subira tu, kana kwamba mtu alikaa juu ya jiwe akasubiri neema.

Picha ninayoipima nazo zote ni kuukuu. Ilipigwa mwaka 1948 na Eric Hosking, Mwingereza aliyezaliwa 1909 na kufa 1991, mtu aliyeishi kwa kupiga picha za ndege wakati ambapo hiyo haikuwa kazi ya kumwambia baba mkwe. Ni picha ya bundi mweupe wa maghalani. Anakuja uso kwa uso, mabawa yameinuka pande zote mbili karibu sawa kwa sawa, na mdomoni amebana panya mdogo wa shambani. Waingereza huizungumzia kama nembo, kwa sababu bundi yule amekaa kama ndege wa kuchorwa kwenye ngao ya ukoo wa kitajiri.

Wote wanaoisifu husifu huo ulinganifu wa mabawa. Mimi nadhani ulinganifu ndio ungeiua. Ndege wa nembo tumewaona wa kutosha: tai mlasamaki yuko kwenye bendera ya Zambia, yuko kwenye nembo ya Namibia na ya Sudan Kusini, na hakuna hata mmoja kati yao anayeonekana kuwa na njaa. Kinachoiokoa picha ya Hosking ni panya. Amening'inia, amelegea, mkia chini. Kwa sababu yake yule bundi anaacha kuwa alama na anakuwa mzazi aliyetoka kazini usiku na chakula cha watoto. Halafu kuna mwanga. Ni mwanga mkali wa moja kwa moja, hauna madaha. Bundi amemulikwa kama mtu aliyekutana na tochi ya soja getini. Hosking hajajaribu kuuficha mwanga huo uonekane kama wa mwezi. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza Uingereza kutumia mmuliko wa umeme kwa ndege, ule wa kasi inayoweza kusimamisha bawa hewani, na picha inakiri wazi kwamba kuna mtu pale gizani na ana mashine.

Namna alivyokuwa akifanya kazi inafaa kuelezwa, maana wengi wetu tumezoea kufikiri kamera ndiyo hufanya kila kitu. Kibanda cha kujificha hakijengwi kwa siku moja karibu na kiota. Ndege akirudi akakuta nyumba mpya anaweza kususa mayai. Unakisimamisha mbali, kisha unakisogeza kidogo kidogo, siku baada ya siku, au unakipandisha kimo taratibu mpaka ndege akichukulie kama kichaka kingine. Kiota kikiwa juu ya mti, unainua mnara wa magogo na kibanda kileleni. Siku ya kupiga picha mnaingia wawili. Mmoja anabaki ndani, wa pili anaondoka waziwazi, ndege amwone akienda. Ndege hajui kutoa. Ameona watu wamekuja na ameona watu wameondoka, basi hesabu imefungwa. Aliyebaki anakaa saa nyingi bila kukohoa.

Sisi neno la huo mnara tunalo tayari: ulingo. Siku hizi tunalisikia kwenye taarifa ya habari tu, ulingo wa siasa, ulingo wa ndondi, lakini kwanza lilikuwa jukwaa la miti katikati ya shamba la mtama ambapo mtoto aliketi na kombeo tangu alfajiri. Umbo ni moja kabisa na la Hosking: miguu minne ya miti, sakafu ya fito, kivuli juu, na mtu anayetazama angani siku nzima. Tofauti ni kwamba ulingo wetu ulijengwa ili ndege waende zao. Nikisoma jinsi wapenzi wa ndege wa Ulaya wanavyoeleza utulivu wa kukaa kibandani, nawaza wale watoto, ambao waliwatazama ndege kwa saa nyingi zaidi kuliko yeyote na hakuna aliyewaomba waandike kitabu. Pia lugha yetu haijifanyi malaika. Tunapiga risasi, tunapiga picha. Kitenzi ni kilekile. Na kibanda chenyewe kimetoka kwa wawindaji. Ndugu wawili Waingereza, Richard na Cherry Kearton, walitoa mwaka 1895 kitabu cha viota kilichojaa picha za porini, na mwaka 1900 wakatengenezewa ng'ombe wa ngozi mwenye tumbo tupu ili mtu aingie na kamera. Cherry ndiye aliyekuja huku kwetu mwaka 1909 na kumpiga filamu Theodore Roosevelt akiwa kwenye safari yake ya bunduki. Kwa hiyo tangu mwanzo kamera na bunduki zilikuwa kwenye msafara mmoja, zikila ugali mmoja.

Turudi kwa Hosking, kwenye kisa kinachosimuliwa kuliko picha zake. Mwaka 1937, huko Wales, alikuwa anapanda gizani kurudi kwenye kibanda chake karibu na kiota cha bundi wa msituni. Bundi haruki kwa kelele. Manyoya yake yameumbwa kumeza sauti. Ukucha uliingia kwenye jicho la kushoto. Dawa za kuua bakteria kama penisilini zilikuwa hazijafika hospitalini, na jicho likatolewa ili kuliokoa lile la pili. Aliendelea kupiga picha za bundi karibu maisha yake yote. Kitabu cha maisha yake, cha mwaka 1970, kinaitwa An Eye for a Bird, jina lenye kubeba mawili: jicho la kumjua ndege, na jicho lililotolewa kwa ajili ya ndege. Mchapishaji lazima alilala usingizi mzuri siku hiyo.

Kisa hiki hutumika kama cheti cha ushujaa, na hapo ndipo mimi na mashabiki wa Hosking tunaachana. Ukikisimulia hivyo, bundi anakuwa dubwana na mtu anakuwa askari. Kwangu kisa kinaeleza jambo jingine: kibanda hakikufua dafu. Yule bundi alijua. Vitambaa vyote, magogo yote, hesabu za wawili kuingia na mmoja kutoka, na bado ndege mwenye makinda alijua kuna mtu na akamfuata usoni. Tangu siku nilipoisoma hivyo, ile picha ya 1948, ingawa ni ya bundi mwingine wa aina nyingine, imebadilika machoni pangu. Naona kiumbe anayeangalia moja kwa moja mahali mtu alipojificha. Ukaribu wake una wasiwasi ndani. Uingereza yenyewe baadaye ililichukua jambo hili kwa uzito. Kwa sheria ya 1981 huruhusiwi kumsumbua bundi wa maghalani kiotani kwa ajili ya picha bila kibali maalumu.

Wasiwasi huo ndio nisiouona kwenye picha za siku hizi.

Kibanda cha leo ni kitu kingine. Kimechimbiwa ardhini ili lenzi ilingane na uso wa maji, kina viti, kina choo wakati mwingine, na dirisha lake ni kioo cha upande mmoja: wewe unamwona ndege, yeye anajiona mwenyewe au haoni kitu. Aliyekipa kioo hicho umaarufu ni Bence Máté wa Hungary, aliyeshinda Wildlife Photographer of the Year mwaka 2010. Ni fundi wa kweli, na vibanda vya aina yake vimefika hadi hifadhi ya Zimanga, Afrika Kusini. Finland unakodi kibanda majira ya baridi, unaingia kabla ya mapambazuko, unatoka giza likishaingia, na nje kuna mzoga kwenye theluji ili tai aje. Uhispania, vilevile kwa tumbusi. Tawi analotua ndege limefungwa mahali ambapo nyuma yake ni mbali na pana rangi moja, kwa hiyo mandhari inayeyuka yenyewe. Mpiga picha akifika, kila kitu kimeshaamuliwa: umbali, mwanga, tawi, hata upande ambao ndege atageukia, maana ndege hupenda kutua akikabili upepo.

Sina ugomvi na ustadi huo. Ugomvi wangu ni na matokeo. Weka picha kumi za namna hii pamoja, za kutoka nchi nne tofauti, na utashindwa kuniambia ipi ni ya wapi. Kila unyoya unahesabika, ila hakuna mahali. Hakuna waya wa stima, hakuna ng'ombe, hakuna choo cha kambi, hakuna upepo. Ni kama picha za pasipoti: zimenyooka, ziko wazi, na hakuna anayeishi mle ndani.

Huku kwetu toleo letu ni boti. Mwaka jana nilikuwa Naivasha kwa kibarua cha kuandika, nimepakiwa na watu sita wenye lenzi ndefu kama bomba la maji. Boti haina paa wala kitambaa, lakini kwa tai wa pale ni kibanda tosha. Ameizoea kama viboko walivyoizoea. Nahodha alikuwa na tilapia kwenye ndoo. Alimchomeka mmoja kipande cha shina la mafunjo mdomoni ili aelee, akageuza boti mpaka jua likatukaa mgongoni, akapiga mluzi.

"Boss, usipige bado," alimwambia aliyekuwa mbele. "Mwache atoke kwenye mti. Akinyoosha miguu ndio upige. Madam, wewe inama kidogo usimzibe mwenzako."

Akarusha. Tai alishuka, kamera zikalia kama mvua ya mawe kwenye mabati, samaki akaenda. Watu wakainamia vioo vyao. Mmoja akasema bawa limekatika kwenye fremu. Nahodha akachungulia ile kamera, akatikisa kichwa. "Turudie," akasema. "Lakini tungoje, yule mwingine wa upande ule bado hajala, huyu ameshiba ataleta uvivu."

Hebu niambie, nani ni msanii hapo? Nani amepanga mwanga, amemchagua mwigizaji, ameamua wakati, amejua nani ana njaa? Jioni picha zikapanda mtandaoni. Subira, subira, subira. Sikuona jina la nahodha popote. Sidai kwamba samaki ni dhambi. Sijui kama mtu anaweza kumtazama tai yule akishuka akabaki na roho ngumu, na yule nahodha ana watoto wa kusomesha. Ninachodai ni maelezo ya chini ya picha yaseme ukweli: samaki alirushwa, aliyerusha ni fulani, tai huyu anaujua mluzi. Picha ingekuwa nzuri zaidi. Ingekuwa na watu watatu ndani badala ya ndege mmoja anayejifanya yuko peke yake duniani.

Wako watakaosema chambo ni chambo, kipigwe marufuku, basi. Mimi siendi huko, na sababu yangu ni tumbusi. Nepal, mwaka 2006, wanakijiji wa eneo la Pithauli walianzisha kile wanachokiita mkahawa wa tumbusi: ng'ombe wazee wanatunzwa hadi wafe wenyewe, bila dawa ya diklofenaki, kisha mzoga unawekwa kwa ndege, na pembeni kuna kibanda cha watazamaji. Dawa hiyo ya maumivu, iliyopewa mifugo, ilikuwa imefyeka zaidi ya asilimia 95 ya baadhi ya aina za tumbusi Asia Kusini. Na Uhispania, baada ya hofu ya ugonjwa wa ng'ombe kichaa, kanuni za Ulaya za mwaka 2002 ziliagiza mizoga iondolewe mashambani, tumbusi wakashinda njaa, mpaka kanuni zikalegezwa 2011. Katika hali kama hizo mzoga uliowekwa makusudi ni sadaka, na kibanda kando yake kinasaidia kuilipia.

Lakini mzoga hauna upande. Anayetaka picha ya tumbusi hamsini wakigombana anajua jambo lilelile analolijua mfugaji aliyepoteza ng'ombe wake kwa simba: weka nyama, watakuja. Tumbusi huangaliana angani. Mmoja akishuka, wa mbali anamwona, naye anashuka, na wa mbali zaidi anamwona yeye. Mfugaji mwenye hasira ananyunyiza Furadan, dawa ya wadudu ya shambani, akimlenga simba au fisi. Wanaolala pale ni tumbusi kwa makumi. Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na Darcy Ogada walilinganisha hesabu za ndege mbuai zilizofanywa barabarani hapa Kenya miaka ya 1970 na zile za kati ya 2003 na 2020. Kati ya aina 22, 19 walikuwa wamepungua. Sumu imo kwenye sababu, na nyaya za stima, na ardhi iliyokatwakatwa.

Sasa rudi kwenye simu yako. Miaka hiyohiyo ndege wanapungua, picha zao zimekuwa nyingi, zimekuwa kali, zimekuwa karibu kuliko wakati wowote. Mtoto wa Umoja ameona ndani ya mboni ya tai mara mia, ila hajaona tumbusi angani hata mara moja. Siwalaumu wapiga picha kwa sumu, ingekuwa upuuzi. Nawalaumu kwa giza la nyuma. Ukiondoa kila kitu kinachomzunguka ndege, umeondoa pia kila kinachomuua, na mtazamaji anabaki akiamini kwamba kiumbe mwenye afya kiasi hicho, manyoya yanang'aa hivyo, lazima anaishi mahali salama.

Na kibanda kinaweza kufanya zaidi ya hapo. Valerie Gargett alitumia miaka mingi kuwafuata tai weusi kwenye milima ya mawe ya Matobo, Zimbabwe. Tai hawa hutaga mayai mawili, yanaanguliwa kwa kupishana siku chache, na wa kwanza humshambulia wa pili. Kwenye kiota kimoja mtu alikaa akahesabu: kifaranga mdogo aliishi siku tatu, na katika siku hizo alidonolewa na mkubwa wake mara 1,569, huku chakula kikiwepo kiotani. Elfu moja mia tano sitini na tisa. Fikiria mtu ameinama kwenye kibanda, kalamu mkononi, anaweka alama baada ya alama. Hakuna shindano linaloweza kuipa tuzo picha ya mdono wa mia nane na tatu. Lakini baada ya kusoma nambari hiyo siwezi tena kuvumilia picha ya kinda mmoja mnene kiotani yenye maneno ya upendo wa mama, maana sasa nauliza mwenzake yuko wapi.

Kwa hiyo nikipewa kura, naitaka picha iliyorudi nyuma hatua hamsini. Majabali ya Hell's Gate na tumbusi wadogo kama nukta, na mvuke wa mitambo ya Olkaria kwenye fremu hiyohiyo. Bundi wa Nyeri kwenye ukingo wake wa mawe, na mwenye shamba anayewatoza wageni ada ya kumwona ndege ambaye kwa majirani ni mkosi. Nahodha akiwa na mkono hewani na samaki ametoka kiganjani.

Na mwewe wa Nairobi, tafadhali. Ni ndege mbuai kamili, tunaye bure, na simwoni kwenye magazeti ya mtandaoni wala kwenye maonyesho. Nenda shule yoyote ya msingi wakati wa mapumziko. Watoto wanatoka na mandazi, kila mmoja amefunika lake kwa kiganja bila hata kufikiri, kama watu wanaokinga mshumaa na upepo, wanakula wakiwa wameinamisha vichwa chini ya mabega. Mwewe yuko juu ya nguzo ya stima. Amekaa pale tangu kabla ya kengele ya saa nne.